Lebo ya Mimi Mwenyewe

Mgeni akifika kwenye lile jengo la ghorofa nane na kuuliza habari ya chumba, bomba au ufunguo, mlinzi humjibu, "Muulize Mwenyewe." Mgeni hurekebisha kola, akidhani anapelekwa kwa tajiri mwenye jengo. Thubutu! Anatokea mtu mfupi mwenye ovaroli lililochakaa magotini, bisibisi mfukoni, anatoka chumba cha pampu akijifuta mikono kwa tambara. Tajiri yuko mbali huko, hata sura yake hawaijui. Huyu ni msimamizi tu. Jina la Mwenyewe alijipatia kwa kinywa chake, maana ukimwambia kitu chochote kimeharibika, jibu lake ni moja: "Acha, nitafanya mwenyewe."

Na alikuwa akifanya kweli, tusimvunjie heshima. Kama ni bomba kuziba, yumo. Taa ya ngazini imeungua, yumo, juu ya kiti chenye mguu mmoja mbovu. Tangu aanze kuishi katika kile chumba cha chini kinachopakana na pampu, hajawahi kulala nje ya jengo. Mjukuu wao wa kwanza alipozaliwa, mkewe alifunga mizigo peke yake.

"Twende basi, baba watoto. Mtoto atakujua lini?"

"Na pampu je? Nani ataiwasha?"

"Si umfundishe mlinzi?"

"Aa, ataiunguza. Nenda tu, mimi nitakuja."

Mkewe alicheka kwa hasira, yule mama anajua kucheka kwa hasira. "Haya. Siku ukifa utajichimbia kaburi mwenyewe, uingie mwenyewe, ujifukie mwenyewe." Mwenyewe naye akacheka. Masikini, alidhani amesifiwa.

Zamani wapangaji walikuwa wakimgongea mlango. Baadaye kampuni inayosimamia majengo ya yule tajiri ikasema hapana, huo si ustaarabu, kila mwenye shida aandike barua pepe. Wakampa tableti, nayo imefungwa kila kitu. Haipigi simu wala haichezi muziki, inafungua kisanduku cha barua za jengo basi. Mwanzoni aliishika kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake amshikie. Halafu akagundua lebo, na hapo mapenzi yakaanza.

Lebo ni kibandiko tu. Barua inaingia, unaibandika jina, siku ukitaka barua za jina hilo unaligusa, zinajipanga zote. Lakini Mwenyewe alikuwa na mtindo wake. Karibu wapangaji wote, awe anavujiwa na tone la maji au anaunguliwa na nyumba, waliandika HARAKA kwa herufi kubwa. Akasema, sawa, kama ni hivyo nitawatengenezea lebo yao, iitwe Haraka, wapigiane kelele humo humo. Debe tupu haliachi kuvuma. Akawatupia humo wapiga kelele wote, akawa anaichungulia siku akiwa hana la kufanya. Mambo mazito, ya umeme, ya paa, ya lifti, aliyabandika lebo nyingine: Mimi Mwenyewe. Hata akawaomba watu wa kampuni wamtegee mtego, kwamba barua yoyote yenye neno "lifti" ijibandike Mimi Mwenyewe bila yeye kuigusa. Hayo hakutaka mtu mwingine ayaone, sembuse kuyashika.

Mfalme wa lebo ya Haraka alikuwa mpangaji mmoja wa ghorofa ya tano, mtu wa kufanyia kazi nyumbani, visikizi masikioni kuanzia asubuhi hadi jioni. Jengo zima walimwita Bwana Haraka. Aliandika kuhusu mlango wa jirani unaobamizwa. Akaandika kuhusu harufu ya kitunguu cha jirani huyo huyo. Kuna siku aliandika kwamba jua linaingia dirishani na kumchoma usoni, HARAKA. Jamani, jua! Msimamizi apande juu akalizime?

Juu yake, ghorofa ya sita, aliishi Mwalimu, mama mtu mzima aliyestaafu, mwenye pumu na sauti ya taratibu. Huyu aliandika kama anavyosema. "Salaam. Natumaini u mzima wewe na mama watoto. Nilipenda kukujulisha, ukipata nafasi, kwamba kengele ya ndani ya lifti hailii mtu akiibonyeza. Sina haraka." Barua ikajibandika Mimi Mwenyewe, Mwenyewe akaisoma, akasema moyoni, kengele hiyo nitaitengeneza mwenyewe. Ikaja ya pili. Ikaja ya tatu, nayo ina salaam, ina u mzima, ina sina haraka. Kila mara alitikisa kichwa kwa heshima. Nitaitengeneza mwenyewe.

Basi kampuni ikaleta muujiza mpya. Binti wa kompyuta alikuja na begi lake mgongoni, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa ndani ya chumba cha pampu, akaeleza kwamba sasa jengo lina karani wa akili bandia. Hana kiti wala mshahara, wala haugui. Mlinzi alimpachika jina papo hapo: Karani Hewa.

"Sasa sikiliza, mzee wangu," binti alisema. "Huyu karani hatukumruhusu asome barua zote. Atachanganyikiwa, na siri za watu zitazagaa. Tumempa chombo kimoja tu. Anataja lebo, chombo kinamchukulia barua zenye lebo hiyo. Anazisoma kwa zamu, iliyotangulia kwanza, anawajibu wapangaji na kumtuma fundi. Barua isiyo na lebo hiyo kwake haipo."

"Na mimi?"

"Wewe unabandika lebo. Wapangaji huwajibu tena, karani ndiye anayejibu, ili wasikie sauti moja. Tumempa lebo ya Haraka. Iko nyingine yoyote ya kazi tumpe?"

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Hapo ndipo mtu mzima angesema, "Mwanangu, ngoja nikueleze, mimi lebo zangu nimezigeuza." Lakini angeanzia wapi? Kumwambia binti mdogo kwamba kwenye Haraka kumejaa jua na vitunguu? Akaona haya. Na chini ya haya kulikuwa na kiburi, kimejilaza kimya.

"Hizo nyingine," akasema, "ni zangu mwenyewe."

Binti akafunga begi, akaenda zake.

Wiki zilizofuata Bwana Haraka aliishi kama mfalme. Fundi wa kampuni, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alikuwa akipanda na kushuka kwake na kisanduku cha vifaa. Mwenyewe alimtazama akipita, akacheka chinichini. Mambo mazito yalibaki pale yalipokuwa yakibaki siku zote.

Siku ya tukio ilikuwa mchana wa kazi, jengo kimya. Mwenyewe alikuwa anapanda ghorofa ya nane kutazama tangi, tableti kwapani. Simu yake aliiacha inachaji kwa mlinzi. Chini pale Mwalimu akaingia naye, kashika kifurushi alichokifuata getini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Mzima?"

"Mzima. Nikushikie?"

"Chepesi tu hiki. Nilishuka mara moja, hata simu sikuibeba."

Lifti ikapanda, ikapita ya nne, ikapita ya tano, ikashtuka kama mtu aliyekanyagwa, ikasimama. Taa ikafifia, feni ya juu ikakohoa ikanyamaza. Mwenyewe akabonyeza sita. Akabonyeza tano. Akabonyeza vyote. Kisha, bila kufikiri, akabonyeza kengele. Ikabofyeka kimya, bila hata mkwaruzo.

Hakumtazama Mwalimu usoni.

Akaingiza vidole kwenye mlango, akauvuta hadi mshipa wa shingo ukamsimama. Ulipofunguka kiasi cha kiganja, mbele yao kulikuwa na zege. Walikuwa katikati ya ghorofa na ghorofa. Kiunoni mwake ulining'inia ufunguo wa kufungulia lifti iliyokwama, mali ya serikali yake hiyo, hampi mtu. Lakini tundu la ufunguo huo liko nje. Ebo! Mtu amefungiwa na ufunguo anao.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu. Nitalishughulikia mwenyewe."

"Sina wasiwasi, baba," Mwalimu akasema, akajiegemeza ukutani. "Ila hewa ni nzito. Na dawa yangu ya kuvuta iko juu ya meza."

Hapo Mwenyewe akairukia tableti. Akaifungua. Waifai ya korido ya tano ilikuwa inafika pale kwa kuvizia, kijistari kimoja, inakuja inaondoka. Akaandika kwa vidole vinavyoteleza jasho, kwa anwani ya jengo, maana nyingine haikubali: "Mimi msimamizi nimekwama kwenye lifti kati ya tano na sita. Niko na Mwalimu. Ana pumu." Akatuma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikapotea.

Ting! Barua mpya.

"Wamejibu!" akapaza sauti.

Akaifungua. Ilikuwa barua yake mwenyewe. Ina neno lifti, mtego ukainasa, ikajibandika lebo: Mimi Mwenyewe. Ametoa kilio, kikapanda, kikazunguka, kikarudi mikononi mwake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wazee, na huyu aliingia na tableti.

Kule nje Karani Hewa alikuwa macho, hajachoka, hajaenda kula, anachukua barua za Haraka moja baada ya nyingine. Hii kwake haikuwepo.

Mwalimu alikuwa ameketi chini sasa, miguu kainyoosha, kifurushi mapajani. Kila pumzi ilitoka na mluzi mwembamba. "Baba," akaita. "Barua zangu za kengele ulizipata?"

"Nilizipata, Mwalimu. Zote. Niliziweka mahali pazuri."

"Wapi?"

"Kwangu mwenyewe."

Mwalimu akazungusha macho taratibu, akatazama kuta za lifti, dari, ule ufa wa zege. "Basi tuko humo pamoja nazo," akasema.

Hakulisema kwa ukali. Angelisema kwa ukali lingeuma kidogo tu. Mwenyewe alitamani zege lile limmeze.

Akaibandua lebo ya barua yake, akabandika Haraka. Kiduara kikazunguka. Jibu likaja mara moja, safi, lenye adabu zote: "Ndugu mtumiaji, ombi lako limepokelewa. Yapo maombi yaliyotangulia. Fundi yupo jengoni. Tafadhali subiri zamu yako."

Akafungua lebo ya Haraka kuona nani kamtangulia. Lahaula! Bwana Haraka, Bwana Haraka, Bwana Haraka. Bomba la pazia limelegea. Bawaba inalia. Lile jua. Mikono yake mwenyewe ndiyo iliyobandika takataka zile zote, kwa dharau na kicheko, na sasa zimepanga foleni mbele ya pumzi za Mwalimu.

Akaanza kubandua. Gusa barua, ondoa lebo, subiri kiduara. Gusa, ondoa, subiri. Waifai ikapotea, akapanda juu ya ncha za vidole na tableti kichwani, ikarudi. Kitunguu, ondoka. Mlango, ondoka. Jasho likadondoka kwenye kioo, tableti ikadhani ni kidole, ikafungua barua nyingine, akaipangusa kwa ovaroli na kuanza upya. Nyuma yake mluzi ulikuwa unapanda na kukatika, unapanda na kukatika, na kila ulipokatika alisimama kuusikiliza kama utarudi.

"Mwalimu?"

Mkono ukainuliwa kidogo. Maneno hayakuwepo tena.

Akaiweka tableti chini, akavua kiatu, akagonga. Akagonga mlango kwa kisigino, akagonga ukuta, akapiga ukelele ambao hajawahi kuupiga tangu utotoni. "Jamani! Kuna mtu humu! Nisaidieni!" Neno lile la mwisho lilimtoka likiwa geni mdomoni. Mtu mzima wa makamo yale, na huenda ilikuwa mara yake ya kwanza kulisema. Akalirudia. "Nisaidieni!"

Ting!

Akapiga magoti kuisoma. Bwana Haraka! "Kuna mtu anagongagonga upande wa lifti hapa ghorofa ya tano. Nina mkutano. Hii ni kero isiyovumilika. HARAKA."

Mtu yuko nyuma ya ukuta, hatua chache, anasikia kabisa, na mikono yake imekimbilia kuandika barua. Mwenyewe angeweza kulia, angeweza kutukana. Lakini wewe uliyewatupia watu kwenye lebo ya kelele utamlaumu nani? Barua nayo ilikuwa na neno lifti, kwa hiyo mtego ulishaikamata, imekaa pale Mimi Mwenyewe, imestarehe. Akaibandua. Akabandika Haraka, na kwa mara ya kwanza tangu aitengeneze lebo ile ilikuwa inasema kweli.

Akabandua na takataka chache zilizobaki, foleni ikaisha. Karani Hewa alipotaja lebo yake safari hii, chombo kilimletea barua mbili tu, moja ya mtu aliyekwama na moja ya mtu aliyekerwa naye. Akazituma zote mbili kwa fundi. Na fundi, nakuambia, alikuwa sebuleni kwa Bwana Haraka, juu ya ngazi, anafunga bomba la pazia. Simu ikalia mfukoni mwake. Akasoma, akashuka ngazi kwa kuruka.

"Kuna watu kwenye lifti!" alimfokea Bwana Haraka, yeye asiye na maneno mengi. "Mmoja ana pumu!"

Ufunguo wa fundi ukalia kwenye tundu la nje. Mlango wa ghorofa ya sita ukafunguliwa, mwanga ukaingia kwa juu, usawa wa kifua, na hewa pamoja nao. Fundi akalala kifudifudi akanyoosha mikono, Mwenyewe akamnyanyua Mwalimu kutoka chini. Alikuwa mwepesi mno, midomo imegeuka rangi. "Dawa, iko mezani kwake!" Mwenyewe akaita. Aliyekwenda kuifuata ni Bwana Haraka, aliyepanda nyuma ya fundi, pekupeku, visikizi vinaning'inia shingoni. Siku hiyo jina lilimkaa vizuri. Akarudi mbio na ile dawa, akapiga magoti, asijue hata inashikwaje. Mwalimu akaipokea mwenyewe, akavuta. Akavuta tena. Wote watatu waliokuwa wamemzunguka walijikuta wanavuta pumzi naye.

Wakampeleka hospitali, wakamrudisha baada ya siku kadhaa, mnyonge lakini mzima.

Mwenyewe hakuingia lifti siku zile zote. Jioni ya kwanza alikaa juu ya ndoo ndani ya chumba cha pampu na kufungua lebo ya Mimi Mwenyewe, akasoma toka mwanzo. Nyaya zilizochubuka. Ngazi ya paa iliyolegea. Salaam, natumaini u mzima. Mkewe alisimama mlangoni akamwona anafuta macho na lile tambara la mafuta, akajipaka weusi usoni. Yule mama akaenda kumletea maji ya kunawa.

"Kidole kimoja hakivunji chawa, mama watoto," Mwenyewe akasema.

"Hilo si nilikuambia zamani?" mkewe akajibu, lakini kwa upole.

Asubuhi alimpigia binti wa kompyuta. Alimweleza yote, jua na vitunguu na kengele, bila kuficha. Binti akauliza, "Kwa hiyo hii lebo nyingine nayo tumpe karani?"

"Mpe. Mpe yote. Na fundi mwambieni namwomba anisaidie."

Mwalimu aliporudi, Mwenyewe alipanda kwa ngazi hadi ghorofa ya sita, akahema mlangoni kwake, akapiga hodi. Alimkuta amekaa karibu na dirisha. Alikuwa ametunga maneno mengi ya kuomba radhi, yakamtawanyika yote.

"Kaa, baba," Mwalimu akasema. "Kengele umeitengeneza?"

"Fundi anaitengeneza sasa hivi. Nimemwomba."

"Umemwomba?"

"Nimemwomba."

Mwalimu akamtazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyepata hesabu moja kati ya nyingi. Kabla hajasema kitu, kengele ikalia. Ilitokea ndani ya shimo la lifti, kali, ndefu, fundi anaijaribu. Mwenyewe akashtuka, mkono ukaenda kifuani. Ikanyamaza, ikalia tena.

Ting! Tableti ikaita. Mwenyewe akaona jina la mwandishi, akafumba macho. Bwana Haraka.

"Soma tu," Mwalimu akasema. "Analalamikia nini?"

Akasoma kwa sauti. "Kengele ya lifti inalia. Kuna mtu humo ndani? Nimevua visikizi, natoka sasa hivi kwenda kuangalia."

Akatafuta lile neno lake la herufi kubwa, juu hadi chini. Halikuwepo popote.

Mwalimu akapangusa jicho kwa ncha ya kanga yake. "Hiyo," akasema, "iweke Haraka."